Pasipoti Kumi na Mbili Madhabahuni

"Mzee amekunywa chai?"

"Bado anapuliza."

Ndiyo mafumbo yao: umeshamtambua? Bado. Sauti ndani ya sikio la Mwadini ilikuwa ya mkuu wake wa upelelezi, Yasmin, aliyekaa kwenye VW Polo nyeupe barabara kuu ya Kensington, huku kusini mwa Afrika. Mwadini mwenyewe alikuwa ndani ya kanisa la Wakongo, Jumapili mchana, Juni 2018. Suti ya kijivu. Glock 19 kwapani. Beji ya shemasi kifuani, naye ni Mwislamu wa Tanga. Kazi haina haya.

Kwaya ya watu kumi na wawili ilikuwa inaruka jioni hiyo kwenda tamasha Ulaya. Mmoja wao alikuwa muuaji. Wauza dhahabu ya magendo walikuwa wamempa pasipoti ya bandia na kumchomeka kwenye barua ya mwaliko ya kwaya, akapata viza halali ya Schengen. Ukishaingia mlango mmoja, nchi ishirini na sita ni zako. Katika mojawapo aliishi shahidi wa kesi yao, na walitaka anyamaze.

Nani? Mwadini hakujua. Alijua njia tu, na njia alionyeshwa na Héritière.

Héritière ndiye aliyeongoza sauti za kina mama. Binti yake, Falonne, alikuwa amelazwa Liège, hukohuko Ulaya, akingoja kupasuliwa moyo Jumatano. Mama alikuwa amenyimwa viza mara tatu. Mara bima haikutosha, mara kurasa tupu hazikufika mbili, mara ya tatu hawakumpa hata sababu. Ya nne ilitoka. Alilala nayo chini ya mto.

"Mbele ya safari tunaweka pasipoti zote kwa altare, pasteur anaziombea," alikuwa amemwambia Mwadini. "Kila mutu anafunga macho. Lakini mimi nitasafiri?"

"Utasafiri, Mama Falonne. Namtaka mtu mmoja tu."

Sasa kikapu kilikuwa kinapita. Pasipoti moja. Nne. Tisa. Kumi na moja.

Pasteur Marcellin alihesabu, akainua kichwa. "Ndugu François, yako iko wapi? Unaenda Bulaya bila baraka?"

Kwaya nzima iligeuka.

François, mwimba besi aliyejiunga mwezi uliopita, alicheka kidogo. Aliyempanga alikuwa amefikiria kila kitu: tiketi ya kurudi, hoteli, bima. Hakufikiria maombi. François aliitoa mfukoni, akaiweka.

"Tufunge macho, wapendwa!"

Kelele za maombi zikapanda hadi dari. Mwadini alipiga magoti kando ya kikapu, akawasha tochi ya mwanga wa zambarau, ndogo kama kidole. Ukurasa wa picha. Alama za siri za pasipoti halali zikang'aa. Mwingine. Zikang'aa.

Wa François haukung'aa hata alama moja.

Akaupiga picha, akaituma kwa Yasmin. Kisha akainua macho.

Katika ukumbi mzima, watu wawili tu walikuwa wanaona. Wa pili alikuwa François, na mkono wake ulikuwa ndani ya koti.

Mwadini aliruka. Kikapu kikapinduka. Kiwiko kooni, goti tumboni, bastola ikateleza chini ya kinanda. François alipofumbua kinywa kutafuta pumzi, pingu zilikuwa tayari mikononi. Polisi waliokuwa wakingoja nje wakaingia, wakambeba.

"Nimempata," Mwadini alisema.

"Sharp. Picha nimeituma ubalozi uliotoa viza, nao wamejibu." Yasmin aliwasha gari. "Viza zote kumi na mbili zimefutwa."

"Kumi na moja ni safi!"

"Barua moja, faili moja. Wameshaliambia shirika la ndege."

Héritière alikuwa sakafuni akiokota pasipoti, akifuta kila moja kwa kitenge. Mwadini alimwambia. Alimwambia wima, bila kuzunguka.

Héritière alifungua yake. "Lakini iko hapa. Tazama. Iko hapa."

"Haifanyi kazi tena."

"Ulinambiaka mutu moja tu."

Asante ya punda ni mateke, na leo punda alikuwa yeye. Mwadini alibandua beji ya shemasi, akaiweka juu ya kiti, akafunga kifungo cha koti, akatoka kwa mwendo uleule aliofundishwa, bila kugeuka.

Yasmin alimfungulia mlango wa gari. "Kazi safi. Unaenda Ulaya kumlinda shahidi mpaka atoe ushahidi. Ubalozi wanakushukuru, viza yako wameitoa kwa simu moja."

"Naruka lini?"

"Jumatano."

Mwadini alivaa miwani ya jua. Polo ikasimama kwenye robot, taa ikiwa nyekundu, naye akahesabu kwa vidole siku zilizobaki hadi Falonne apasuliwe: tatu.