Mke Wangu, Punguza Bei

"Wewe! Macho umeyaacha nyumbani?"

Antwi alikuwa amekanyaga kitambaa kipya cha Dufie katikati ya msongamano wa soko la Kejetia, mjini Kumasi, na shati lake jeupe limelowa jasho.

"Ninayo. Yanakuangalia wewe."

Dufie, ndani ya gauni la njano lililomkaa barabara, akasonya. Tabasamu likamponyoka hata hivyo. Wakapendana.

Kisha chuo alichosoma Dufie kikafunga madarasa, masomo yote yakahamia mtandaoni. Wakubwa walitoa amri hiyo wakiwa kwenye makochi yao, kana kwamba kila mtoto wa Kumasi ana chumba chenye mlango! Nyumbani kwa kina Dufie mtandao haushiki. Mtihani wa mwisho aliufanyia kibandani kwa mama yake pale sokoni, simu ameiegemeza kwenye majora ya vitambaa, kamera inamtazama.

Msimamizi alikuwa Antwi, mhadhiri msaidizi. Akiwa anakagua video, akasikia sauti nzito ya mwanamume: "Mke wangu, mbona umeninunia leo?"

Wivu ukampanda hadi utosini. Hakuuliza. Akaandika kwamba mtahiniwa alikuwa na mtu wa kumsaidia, mtihani ufutwe.

Simu ikaita.

"Antwi, umenifutia mtihani?"

"Muulize mumeo."

"Mume gani?"

"Aliyekuita mke wangu. Nimemsikia kwa masikio yangu!"

Dufie akalipuka.

"Mjinga wewe! Yule ni mteja! Humu sokoni hata babu kibogoyo ananiita mke wangu akitaka nimpunguzie bei! Mama amesimama hapa miaka minne, miguu imemvimba, ili mimi nisome. Wewe unaifuta yote kwa wivu?"

"Dufie, mpenzi..."

"Mpenzi wako ni hiyo kompyuta!" Akakata.

Jumatatu kamati ya mitihani ilikutana kwa video, Dufie naye akiwemo. Antwi alisema yote, uso umemshuka.

"Ni mchumba wangu. Sikupaswa kumsimamia. Niliandika kwa wivu, hakuna aliyemsaidia."

Mtihani ukarudishwa. Kazi ya Antwi ikaota mbawa papo hapo. Dufie hakushukuru mtu.

"Na nyinyi waheshimiwa," akauliza kwa hasira, "mlitaka nifanyie wapi?"

Mwenyekiti akazima kamera yake.

Ijumaa Antwi akaja Kejetia, shati lilelile jeupe, safari hii limepigwa pasi. Alisimama mbele ya kibanda wateja wakimpiga vikumbo. Dufie alimwona, akajifanya hajamwona.

"Mke wangu," Antwi akasema kwa shida, "punguza bei."

Wanawake wa vibanda vya jirani wakaangua kicheko. Dufie hakucheka. Alivuta jora la kitambaa, akalikung'uta kwa nguvu.

"Wengine nawapunguzia. Kwako imepanda."

"Nitailipa."

Dufie akamtazama, bado amekunja uso. Kisha akamrushia ncha moja ya kitambaa.

"Shika huko, tukunje. Na uangalie unapokanyaga."