Ruta Zilizozibwa Midomo

Kila asubuhi Mama Vifaranga alifungua banda la kutotolea huku akiimba. Siku hiyo wimbo ulikatika njiani. Alifungua mashine ya kuangulia mayai, joto likamlamba nyusi. Akaubamiza mlango hata jogoo wa mtaa wa pili akaomba radhi.

"Baba watoto! Njoo uone ulivyowapika wanangu!"

Mumewe akaweka ndoo chini. "Kengele ya nyumbani haikulia, mke wangu."

"Najua haikulia! Kwani nililala wapi?"

Mashine ikizidi joto, kifaa cha bandani hutuma taarifa, kengele ikalia nyumbani. Banda, nyumba na duka lao, kila mahali pana ruta, yaani mashine inayoipa taarifa njia ya kupita. Upepo ulikuwa umeangusha antena ya kutoka bandani kwenda nyumbani. Lakini njia ya kupitia dukani ilikuwa nzima kabisa.

Wakamwita jirani yao, fundi wa mitandao. Akafungua kompyuta, akakunja uso.

"Shemeji, nani amezizuia ruta zisipeane habari za njia?"

Mume akakohoa. "Mimi. Zilikuwa zinaongea usiku kucha. Nikaona zitamwaga siri za biashara."

"Siri gani?" Mama akafoka. "Kwamba kuku hutaga? Umeziziba mdomo mashine, wako umeuacha wazi!"

"Hazisemi siri zenu," fundi akaeleza. "Kila ruta humwambia jirani yake inakoweza kufika. Njia ikikatika, habari inaenea, zinachagua nyingine. Wewe uliziandikia njia moja tu. Zikang'ang'ania antena iliyolala chini."

"Na ruta ngeni ikija kudanganya?" mume akauliza.

"Hizi zenu tunazipa neno la siri. Isiyolijua haisikilizwi."

Fundi akaziruhusu ruta zipeane habari, akazipa neno la siri, antena ikasimamishwa. Mama hakuridhika. Akamtuma mume nyumbani, akachomoa waya wa antena kwa mkono wake, akakisogezea kifaa kikombe cha maji ya moto. Simu yake ikaita.

"Inalia, mke wangu! Imepitia dukani!"

"Ndiyo ilivyotakiwa tangu mwanzo!" Mama akajibu, akaurudisha waya.

Mayai mapya yakaingia. Upepo ukaiangusha tena antena, na mashine ikapanda joto. Safari hii kengele ililia. Mama alifika bandani mume bado anatafuta kiatu cha pili.

Vifaranga wakatotolewa, banda zima likajaa kelele.

"Wanasema nini?" mume akatania.

"Wanakuuliza," Mama akajibu bila kucheka, "kaka zao uliwapeleka wapi."