Samaki mu Salle ya Judo

Mu kambi ya Kapata, pembeni ya Kolwezi, mangaribi ilikuwa na kelele yake. Sirene ya kampani ya mugodi inalia. Batata banatoka ku kazi na vumbi mu nyusi. Bamama banapika bukari ya unga. Kuku ya Tata Mukendi inaingia mu nyumba ya batu. Banaifukuza, inarudi. Ilikuwa mwaka 1957, na kuku ile ilijua nyumba zote za mustari.

Kisha kelele ingine ilikuwa inatoka mu salle ya kambi, nyumba kubwa ya mikutano.

Pa. Pa. Pa.

Kila "pa", Mama Tshiela alikuwa anaacha kutwanga sombe, majani ya mihogo. Mukono yake ilikuwa inasimama juu ya kinu.

"Ni judo, mama ya Kalala," bwana yake alimwambia siku moja, mbele ya kwenda kule. "Batoto banajifunza kuanguka."

"Kuanguka, mutu anajifunza? Mi nilianguka mara mingi. Nani alinifundisha?"

Bwana yake, Tata Ngeleka, alikuwa anafanya kazi ku mashini ya kusaga mawe. Kisha kazi, alikuwa anafundisha batoto judo. Yeye alijifunza judo kule Kasai, ku misioni, kwa père moja, padri mukali sana. Père alikuwa mukali, njo Ngeleka pia alikuwa mukali. Alifikiri ukali ni sehemu ya judo, sawa mukaba ya kiuno.

"Mustari," alikuwa anasema. Batoto banasimama mustari mpaka miguu inatetemeka. Mwenye kucheka, anatoka inje. Mwenye kulia, anaanza upya.

"Judo haiko muchezo," alikuwa anabaambia.

Batoto balisikia muzuri. Kama haiko muchezo, bao balienda kucheza fasi ingine. Kila juma, mustari ilikuwa inafupika.

Chef ya kambi aliona ile. Alimwita Ngeleka.

"Batu ya fanfare banalomba salle," alisema. "Banakosa fasi ya kupigia trompette. Siku ya fête, sikukuu ya kambi, nitakuya kuangalia. Kama batoto ya judo balikwisha kukimbia, salle ni ya fanfare."

Ngeleka alirudi ku salle na roho ya moto. Siku ile alikuwa mukali kupita père.

"Kalala, kuya mbele."

Kalala alikuwa mutoto yake. Alikuwa na miaka tisa. Batoto bengine balikuwa banamwangalia yeye kwanza, juu ni mutoto ya mwalimu.

"Nitakuangusha. Ukifika chini, piga kisaka na mukono muzima. Pa. Umesikia?"

"Ndiyo, baba."

Mu salle balitandika bisaka byenye kujaa majani kavu, juu ya simenti. Ngeleka alimushika mutoto ku kanzu, akamuangusha. Kalala hakupiga. Alinyoosha mukono sawa fimbo.

"Tena. Piga."

Kalala hakupiga.

"Tena. Unanifanya haya mbele ya batu?"

Mara ile Kalala alianguka vibaya. Mukono yenye kunyooka ilifika chini kwanza, na mwili yote juu yake. Kelele yenye ilitoka haikuwa "pa". Ilikuwa kelele kidogo, ya ndani. Kisha Kalala alilia.

Louis, mutoto ya Mukendi, alikimbia kuita batu. Mukendi alifika pa mulango. Aliangalia Kalala. Aliangalia Ngeleka.

"Louis, tunaenda," alisema. "Na mukaba ile uache hapa."

Bengine balimufuata Louis. Ngeleka alibakia na mutoto yake mu mikono, na bisaka, na kuku ya Mukendi yenye iliingia kula mbegu ya majani.

Ku hopitali, infirmier alisema mfupa haikuvunjika. Alifunga mukono na bandeji.

"Apumuzike mpaka nimuone tena," alisema. "Asianguke."

Ku nyumba, Mama Tshiela hakupiga kelele. Ingekuwa muzuri apige. Aliweka chakula ya Ngeleka pembeni, peke yake, na akasema polepole:

"Mwaka yenye ilipita tulizika Mado. Sina mutoto ya pili ya kuzika."

Ngeleka alishindwa kula. Mado alikuwa mutoto yabo ya mwisho. Homa ilimutwaa.

Kesho yake, Mama Ndaya alikuya na maji moto na kitambaa ya mukono ya Kalala. Ndaya alikuwa jirani. Alikuwa anafundisha batoto badogo ku foyer ya kambi, bale habajafikia bado ku masomo. Mutu wa kucheka mingi, lakini macho yake ilikuwa inaona.

"Tata Ngeleka," alisema, "mutoto uyu anaogopa nini?"

"Kuanguka."

"Ulimuuliza?"

"Mwalimu anauliza mutoto?"

"Mi nauliza kila siku. Bengine banajibu bitu ya ajabu. Yana, mutoto moja aliniambia eko anaogopa mulango. Nilimuachia aifungue na aifunge asubui muzima. Sasa eko anatuchokesha na mulango, lakini hana bwoga." Aliweka kitambaa ku mukono ya mutoto. "Kalala, mwana, juu ya nini haupigi chini?"

Kalala aliangalia mama yake.

"Sema," mama yake alimwambia.

"Siku ya Mado, mama alianguka chini. Alipiga chini na mikono. Pa, pa. Bamama bote balipiga vile." Sauti yake ilipunguka. "Mama alisema, hapa kwetu mutu asipige chini tena, ni ya kilio. Sasa baba anasema nipige. Nikipiga, nani atakufa?"

Tshiela alikaa pa kiti. Ni yeye alisema ile. Aliisema na machozi, na mutoto aliifunga mu roho yake sawa amri.

Ngeleka aliinamisha kichwa.

"Mi nilifikiri unanizarau," alisema.

"Hapana, baba."

Ndaya aliuliza:

"Kalala, ulishaona samaki yenye banavua na kutosha mu maji sasa hivi?"

"Ndiyo. Ku muto Lualaba, na muyomba."

"Inafanya nini?"

"Inapiga mukia. Pa, pa. Muyomba alikuwa anaikimbilia, ikamuponyoka." Kalala alikaribia kucheka.

"Juu ya nini inapiga?"

"Juu iko muzima. Inatafuta maji."

"Na ile yenye kufa?"

"Ile inalala tu. Inanyamaza."

Kalala aliangalia mukono yake. Mu uso yake, kitu kilianza kutembea.

"Kumbe ile ya muzima njo inapiga," alisema.

Tshiela alisimama, akatoka inje. Amri yake ilibakia.

Ngeleka alimusindikiza Ndaya mpaka ku njia.

"Sasa nifanye namna gani?"

"Tata, mutoto mwenye bwoga anakaza mwili. Mwili yenye kukaza, ikianguka, inaumia. Mutoto mwenye kucheka, mwili yake inalainika. Ulisema judo haiko muchezo. Mutoto ya mbwa, kupigana anajifunza wapi? Anacheza na ndugu yake."

"Na mustari?"

"Mustari fupi. Batoto habapende kungoya. Anza chini, bakae kwanza. Kisha bachutame. Mwisho njo basimame. Kidevu ku kifua, ili kichwa isigonge. Mukono isinyooke kungoya chini. Ipige pembeni, yote, kiganja na chote. Na mwenye kukatala, usimulazimishe mbele ya wenzake."

"Ni mingi."

"Basi kumbuka moja. Wewe mwenyewe anguka wa kwanza."

Juma ile batoto bane balirudi. Ngeleka aliongeza majani mu bisaka. Hakusema "mustari". Alisimama katikati na kamba.

"Mi ni muvuvi," alisema. "Muvuvi mubaya sana. Bisaka ni kando ya Lualaba. Nyiye ni samaki. Nikimutosha mutu mu maji, nitauliza, iko muzima? Samaki anajibu na mukono."

Batoto baliangaliana. Balifikiri jua ya mugodi ilimupiga.

"Na mwanzo nitaanguka mi."

Mwalimu alichutama, akaangukia mugongo. Kidevu ku kifua, mukono pembeni. Pa. Vumbi ya majani ilimuingia mu pua na akapiga chafya. Mutoto moja alicheka, kisha akafunga kinywa na mikono. Alingoya bamufukuze inje.

"Cheka," Ngeleka alimwambia. "Kisha fanya kupita mi."

Kalala alikuwa anakaa pembeni na bandeji yake. Kazi yake ilikuwa kuangalia bidevu. "Wewe, kidevu," alikuwa anasema, na alikuwa mukali kupita baba yake.

Habari ilitembea mu kambi. Batoto balianza kuchungulia ku dirisha, kisha kuingia. Louis pia alikuwa anakuya, na baba yake alikuwa hajui, ao alifanya sawa hajui. Infirmier alitosha bandeji. Kalala alianza kuanguka kidogo, kwa kukaa, kwa kuchutama. Lakini kwa kusimama, hapana. Kila mara alikuwa anasimama, anaangalia chini, anarudi nyuma. Ngeleka alikuwa anamwambia, "Haizuru. Kesho iko."

Siku ya fête ilifika. Kesho ilikwisha.

Chef ya kambi alikaa pa kiti mbele. Inje, batu ya fanfare balisimama na trompette mukononi, tayari kuingia. Mukendi alisimama pa ukuta, mikono ku kifua. Mama Tshiela alisimama pa mulango. Hakuingia.

Batoto balicheza muzuri. Samaki moja na ingine, pa, pa. Kisha chef alinyosha kidole.

"Na ule? Si ni mutoto yako, mwenye aliumia?"

Ngeleka alichutama mbele ya Kalala, akasema chini chini:

"Ukikatala, haiko kitu. Utabakia muvuvi pamoja na mi. Hata salle, baichukue."

Kalala aliangalia kisaka. Kisha aliangalia pa mulango. Mama yake alikuwa anashika ukuta. Mutoto alingoya. Hata trompette hazikupumua.

Tshiela aliachilia ukuta. Aliingia, akapita mbele ya chef bila kuomba ruhusa, akafika pembeni ya bisaka. Aliuliza:

"Samaki. Iko muzima?"

Kalala alimushika baba yake ku kanzu. Ngeleka alimuangusha.

Pa.

Sauti ilijaa salle. Kalala alisimama, majani mu nywele.

"Iko muzima, mama."

Chef alicheka, akapiga mikono. Aliambia batu ya fanfare batafute fasi ingine. Balikasirika na balipiga trompette inje mpaka mangaribi, na masikio ya kambi yote iliumia. Mukendi aliachilia mikono ku kifua.

"Louis, chukua mukaba yako," alisema. Kisha aliangalia tumbo yake mwenyewe. "Mwalimu, muko na kisaka ya kipimo yangu?"

Kisha siku kidogo, Louis alianguka ku kinga, baiskeli, pa njia ya mugodi. Alirudi na vumbi tu. Kidevu ku kifua, mukono pembeni. Kinga njo iliumia.

Na Mama Tshiela anaendelea kutwanga sombe mangaribi. Pa, pa, inatoka mu salle, na mukono yake haisimame tena. Lakini siku moja salle ilinyamaza. Tshiela aliacha kutwanga. Aliinua kichwa, akasikiliza. Alishika mutwangio kwa nguvu.

Pa.

Alirudia ku sombe yake.