Uvute Kidogo, Isizimike

Mambo yaliharibika Jumatano mchana, fundi baiskeli akiwa ameinama anaziba pancha. Aliinua macho akamwona mwalimu wa darasa la nne amemshika mkono Chiriku, kitindamimba wa fundi. Mtoto huyo aliitwa Chiriku kwa kusema sana. Siku hiyo alikuwa kimya kama maji mtungini.

"Tumemkuta chooni na kipisi cha sigara," mwalimu alisema. "Akirudia, shule itamfukuza."

Fundi aliokota kipande cha mpira amchape. Mke wake alikufa kwa kifua. Leo mtoto anafuata moshi uleule?

"Baba mdogo, weka chini huo mpira," alisema binti wa shemeji yake. Binti huyo alikuwa mwanachuo. Aliishi kwa fundi huku akifanya mafunzo kwa vitendo katika shirika linalopinga tumbaku.

"Kaa kando. Shirika lenu kazi yake semina na chai."

"Na chai yenyewe haina sukari. Muulize mtoto kwanza. Nani alimfundisha?"

Chiriku alifuta kamasi. "Mwenyekiti wa mtaa. Hunituma sigara moja kibandani. Husema niiwashe hukohuko kwa kile kiberiti cha kamba. Husema, 'Uvute kidogo, isizimike njiani.'"

"Na wewe ukavuta?"

"Si ulisema mtoto hakatai kutumwa na mkubwa?"

Mpira ulimdondoka fundi. Kiberiti hicho mtaa mzima ulikijua. Kilining'inia kwa kamba kibandani, kando ya ukuta wa shule, karibu na chupa ya pipi. Mtoto wa darasa la kwanza alikifikia bila kunyoosha mkono.

Binti alikaa juu ya kreti. "Ndani ya tumbaku mna nikotini. Hiyo humnasa mtu kama ndoano inavyonasa samaki. Mtoto hunaswa upesi zaidi, na mapafu yake bado yanakua. Fimbo haimnasui."

"Mama yake hakuvuta hata siku moja."

"Lakini kazini kwake, kwenye ule ukumbi wa pombe, alifagia na kuosha glasi katikati ya wavutaji. Moshi wa mwenzako nao huua. Haupigi hodi."

"Wakubwa wa ukumbi hawakujua?"

"Tangazo la kukataza kuvuta lilikuwa ukutani, baba mdogo. Wakubwa walikaa chini yake, wakavuta."

Fundi alishika spana. Alikaza nati mpaka ikakatika.

Jumamosi mwenyekiti alikuja akikokota baiskeli, mnyororo umekatika. Binti na wanachuo wenzake walikuwa uani wakizungumza na kina mama.

"Chiriku, mjukuu wangu," mwenyekiti aliita, "kimbia kaniletee moja."

"Haendi," fundi alisema.

"Tangu lini mtoto akakataa kutumwa na mkubwa?"

"Tangu wakubwa walipoanza kumtuma sumu. Miguu unayo. Nenda mwenyewe."

Mwenyekiti alicheka. "Hawa wa chuo si wamekuja kujifunza? Mbona sasa wanatufundisha?"

"Shikamoo, mzee," binti alisema. "Ni kweli tunajifunza. Ndiyo maana tunauliza. Sheria inakataza kuuza sigara karibu na shule. Inakataza pia kumuuzia mtoto. Kibanda kile kina kibali ukutani, kimegongwa mhuri wa serikali ya mtaa. Nani aliugonga?"

Mwenyekiti aliutazama mnyororo wake kama hajawahi kuuona.

Kina mama hawakungoja. Walikwenda kibandani, wengine na watoto mgongoni. Mwuzaji alilalama kuwa naye anatafuta riziki.

"Riziki kwenye mapafu ya wanangu?" mmoja alimwuliza. "Leta mkasi."

Kamba ilikatwa. Tangu hapo, mtu akimtuma mtoto sigara, majirani humjibu kwa sauti moja: "Mtoto hatumwi sigara."

Chiriku alisumbuka siku za mwanzo. Alinuna, akakosa usingizi. Binti alimpeleka zahanati wakashauriwa, naye fundi akampa kazi ya kujaza upepo matairi. Hamu ikaisha. Siku hizi anasema tena mpaka baba yake humwomba apumzike ameze mate.

Lakini kibanda bado kipo ubavuni mwa shule, na sigara bado zinauzwa. Kila mwenyekiti akipita, fundi huinuka na pampu mkononi, mafuta meusi mpaka viwikoni.

"Mwenyekiti," huuliza, "ule mhuri aliugonga nani?"