Simu Iliyomwita Msellem

Ijumaa, saa tisa alasiri, Bi Mwatima, muuguzi wa chanjo, alirudi kutoka kuswali na kula, akaingia chumba cha chanjo cha zahanati yao ya Madungu. Mlango wa friji ulikuwa wazi. Chupa zilikuwa zikitoka jasho. Chanjo zote za watoto zilikuwa zimeharibika.

"Mlango ukikaa wazi dakika kumi, programu ya friji hunitumia ujumbe," alimwambia Jaribu, fundi kompyuta aliyeitwa kuchunguza. "Leo simu yangu imenyamaza. Jumatatu wananiachisha kazi."

"Muongo," alisema Kificho, karani wa kompyuta. "Friji iko wazi tangu saa saba na dakika tano, sisi tuko msikitini. Kaiacha yeye."

Jaribu aliiandika saa aliyoitaja Kificho, kisha akaifungua programu. Ilikuwa kazi ya Msellem, aliyefariki mwezi uliopita. Darasa mzazi, yaani fungu la maagizo ambalo mafungu mengine hurithi, liliitwa Friji. Chini yake, darasa mtoto, FrijiYaChanjo, lilirithi kila kitu cha mzazi, isipokuwa kitendo kimoja lilichokuwa nacho lenyewe: onya, cha kumtumia Mwatima ujumbe. Sasa hakikuwapo.

"Kimefutwa. Nani ana nywila?"

"Sisi wawili, mimi na Kificho," Mwatima alisema polepole.

"Basi kajifutia mwenyewe!" Kificho alicheka.

Jaribu alirudi kwenye programu. Alipanda kwenye darasa mzazi. Palikuwa na onya kingine, cha zamani, cha majaribio, chenye namba ya simu. Mwatima aliisoma, akakaa chini.

"Hiyo ya marehemu."

Jumamosi, saa nne asubuhi, kijijini Kiuyu. Mjane wa Msellem, Bi Moza, yumo edani. Alizungumza nyuma ya pazia.

"Naichaji kila siku. Wapo wasiojua habari, wakipiga niwaambie. Jana ikalia chini ya mto wake." Sauti ilipungua. "Mwanangu, nani anamwita maiti?"

Mkono ulipitisha simu. Kwenye kioo: *Msellem, njoo. Mlango uko wazi tangu saa 7:05.*

Jaribu alijua kwa nini imelia. Hata hivyo vinyweleo vilimsimama.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, aliiweka simu mezani kwa daktari mkuu. Chumba cha chanjo, wahudumu walikuwa wakiosha friji ikiwa wazi.

"Kificho, ile saa saba na dakika tano uliijuaje? Programu haitunzi saa. Imeandikwa hapa tu, kwa mjane asiyetoka nje. Mwingine wa kuijua ni aliyefungua mlango."

"Ujumbe hautoki! Nilikifuta kwa mkono wangu—"

Alijiziba mdomo.

"Ulikifuta kwa mtoto. Mtoto akikosa chake, programu hupanda kwa mzazi. Ungekiacha kitupu badala ya kukifuta, pangekuwa kimya."

"Miaka sita," Kificho alisema, "kila kitu hapa cha Msellem. Hata kafa! Nilitaka programu yake ishindwe mara moja tu, watake yangu."

"Na mimi je, yakhe?" Mwatima aliuliza.

Simu ya marehemu ililia mezani. Kificho aliruka hadi ukutani.

*Msellem, njoo. Mlango uko wazi tangu saa 1:55.*

"Naja mimi," Mwatima aliiambia, akaenda kuufunga.