Michi Mitatu ya Luama

"Muchele umeiva. Unapita Luama leo. Kifaranga iko ndani. Mwisho."

Redio ilikoroma, ikanyamaza.

Sumaili alibaki na visikizio masikioni. Mchele ni dhahabu iliyoibwa Lusangi, ambayo mawakala wa Wajerumani walikuwa wakiipeleka ziwani ikanunue bunduki. Kifaranga ni Pascaline, opereta wake wa redio, aliyekamatwa kwenye njia ya Wamaza. Akishavushwa mto Luama, hataonekana tena.

Vita vilikuwa katika mwaka wake wa nne. Ofisi ya siri iliyomtuma Kabambare ilimwita Sumaili jasiri, kwa sababu haikumjua. Alikuwa mwoga tangu utotoni, tena mwoga wa kutokwa jasho viganjani.

Askari walikuwa Kasongo. Mbali mno.

Yeye alikuwa mmoja. Daraja lilikuwa na ncha mbili.

Hapo ndipo palipouma. Roger, mfanyabiashara wa Kizungu aliyeliongoza genge lile, alikuwa na ujanja wa panya: akiona kizuizi mbele, anarudisha Chevrolet yake kinyumenyume na kupotelea msituni. Safari hii ilibidi gogo lianguke mbele yake, na jingine nyuma yake. La mbele, Sumaili angelikatia kamba mwenyewe kwa panga. La nyuma je?

La nyuma lingeangushwa na mota.

Aliinama chini ya nguzo ya kwanza ya daraja. Mota ndogo ya Bosch, ya kufutia kioo cha gari. Betri. Rilei ya telegrafu, swichi inayojifunga kwa umeme. Na kitambuzi alichokiunda mwenyewe: springi nyembamba ya gramafoni, yenye kipande cha shaba kwenye ncha, ikining'inia katikati ya pete. Nguzo ikitikisika, shaba inagusa pete, umeme unapita, rilei inanasa. Lakini mguso ule ni wa kufumba na kufumbua, na mota inataka umeme usiokatika. Kwa hiyo aliongeza waya mwingine, ili rilei ikishanasa ijishike yenyewe. Mota ingevuta kamba, kamba ingechomoa pini, gogo lingeanguka.

Alifunga waya wa mwisho.

Du. Du. Du.

Mota ikalia vuuu! Sumaili akakata umeme kwa mkono uliolowa jasho. Nani amepita? Hakuna aliyepita. Juu ya ukingo, kwenye ua wa Mama Mwanvua, wasichana walikuwa wameanza kutwanga mpunga.

Alipanda mbio.

"Mama, shikamoo. Tafazali, watoto waache kutwanga."

Mwanvua alikuwa mjane mwenye sauti ya kuamrisha hata mbuzi. Alisikiliza habari ya Pascaline, na ya mota inayoamshwa na kishindo cha michi, bila kupepesa, kisha akatikisa kichwa.

"Tukinyamaza saa hii, mutu akipita atajua kwetu iko kilio ao iko askari. Na dereva wao, Atumani, ni mutoto wa hapahapa. Atageuza motokari palepale."

Alisema kweli. Kijiji kisichotwanga jioni kinasikika mbali.

Sumaili alirudi chini akalegeza skrubu inayobana pete kidogo kidogo, mpaka pete ikapanuka na shaba ikacheza bila kugusa. Du, du, du. Salama. Ghafla michi yote mitatu ikatua pamoja, kinu kikaguna, na shaba ikaruka nusura iguse.

"Mupokezane!" Mwanvua alifoka. "Nani aliwafundisha kutwanga pamoja kama wakichaa?"

Sumaili akaunga betri tena, akavuka daraja, akalala majanini na bastola yake ya Browning.

Aliogopa. Aliogopa bunduki, na zaidi aliogopa ile skrubu.

Chevrolet ikatokea. Atumani aliujua ubovu wa mbao zile, akaliingiza gari taratibu kama aliyebeba mayai. Magurudumu ya mbele yakapita nguzo. Ya nyuma yakapita.

Kamba ya mota haikusogea.

Mtikisiko ulikuwa mdogo! Skrubu ameilegeza mno! Gari lilikuwa limekaribia kumaliza daraja. Sumaili akakata kamba ya mbele. Gogo likaanguka kwa kishindo.

"Rudisha!" Roger alipiga kelele. "Rudisha, Atumani!"

Gia ikasaga. Gari likaanza kurudi polepole, na Pascaline ndani yake. Sumaili aliona kila kitu kikimponyoka. Alitaka kulia.

Kule ukingoni Mwanvua alikuwa akilitazama gogo lililokataa kuanguka.

"Pamoja!" alipaza sauti. "Twangeni pamoja!"

Wasichana walimtazama kwa mshangao. Kisha michi mitatu ikapanda, ikashuka mara moja.

DU.

DU.

DU.

Kamba ikakaza. Pini ikachomoka. Gogo likalala nyuma ya Chevrolet kama mlango uliofungwa.

Sumaili akapiga risasi moja hewani. "Kikosi cha kushoto, musipige bado!" alinguruma. Kikosi hakikuwepo, kushoto wala kulia. Lakini nyuma ya gari walitokea wanawake na michi mabegani kama bunduki, na Roger alipowaona akatupa bastola yake mtoni. Atumani alikuwa tayari ameinua mikono.

Pascaline alikuwa amefungwa katikati ya magunia. Sumaili alimkata kamba.

"Unatetemeka," Pascaline alimwambia.

"Najua."

Redioni Sumaili alisema machache. "Muchele umepepetwa. Kifaranga iko muzima. Tumeni askari."

"Na wewe?" redio iliuliza.

"Niko."

Askari walipokuja kuwachukua wafungwa, Sumaili alikunja waya zake, akatia mota mfukoni, akatoa sigara ya Belga. Kiberiti kilimshinda. Pascaline akamshika mkono mpaka ukatulia, akamwashia.

"Mutoto yangu!" Mwanvua aliita kutoka uani. "Usiambie mutu tulitwanga vile. Watasema sikufundisha mabinti."

"Sitasema, mama."

Wakaondoka polepole njia ya Kasongo. Nyuma yao michi ilikuwa imeanza tena, ikipokezana.