Mwamba wa Mzee Gharibu

Ukumbi wa chuo ulikuwa na wanafunzi mia na ushei, na tundu la umeme lililobaki lilikuwa moja. Mashavu ndiye aliyeliwahi. Alichomeka chaja ya kompyuta yake, akaenda kuchukua chai, na aliporudi akakuta chaja yake imelala sakafuni. Kijana mrefu, shati jeupe, mikono imekunjwa mpaka viwikoni, amechomeka yake.

"Ndugu yangu, hiyo chaja iliyo chini ina mwenyewe."

"Nilidhani imeachwa, abaayo, dada yangu."

"Imeachwa na kompyuta inawaka?"

Kijana akaitazama kompyuta, akaona haya. "Nimekosa. Mimi bado nina asilimia arobaini."

"Mimi nina nne."

Akachomoa yake bila ubishi, akatoweka, akarudi na bajiya za moto kwenye gazeti zikinukia kitunguu na pilipili. "Hii ni faini yangu. Naitwa Abdulrazaq."

Ilikuwa siku ya kwanza ya hakathoni, mashindano ya siku mbili ya kutunga programu, na vikundi vilikuwa bado vinatafuta watu. Abdulrazaq, mtoto wa muuza vipuri vya mashine za boti hapo Kismayo, alijua kutunga programu lakini hakuwa na wazo. Mashavu alikuwa na wazo tangu mwaka uliopita. Alikuwa mtoto wa kisiwa cha Chovae, anakaa mjini kwa khalati yake Bushra, ndugu wa mama yake, ili asome, na siku hiyo alivaa baibui jeusi na mtandio wa zambarau uliomfanya Abdulrazaq akosee kuandika nywila yake mara tatu.

"Ami yangu Fumo mashine ilimzimikia baharini," Mashavu alimwambia huku wakila, kwa lafudhi ya kwao inayowaita watu 'vachu'. "Siku mbili anachukuliwa na maji. Simu anayo, akapiga, akataja mwamba alipo. Baba akapajua, lakini yuko mbali. Walio karibu ni vachu wa Burgao, na hatuna namba ya mchu hata mmoja kule. Wakamwona kwa bahati tu. Hao vachu nawaombea dua mpaka leo."

"Basi mvuvi akitaja jina la mwamba, programu imtafute aliye karibu naye."

"Ndiyo hiyo. Umefahamu upesi, kumbe una akili."

"Nimeanza kuwa nayo saa hii."

Walifanya kazi mpaka alasiri, wakicheka kuliko walivyopaswa. Tatizo lilikuwa moja: programu haikuweza kupimwa bila mwamba mmoja wa kweli, wenye mahali pake halisi. Mashavu akampigia baba yake, Mzee Gharibu. Mzee alimuuliza kwanza ni wa kazi gani, kisha akamtajia mmoja na namba za mahali pake. Mashavu aliandika, halafu akaigeuza kompyuta upande wa mwenzake.

"Sikiliza, Abdulrazaq. Kwetu mwamba wa nyumba, pale tunapovua siku zote, haambiwi mchu. Babu alimwonyesha baba, na baba atamwonyesha mwanawe wa kiume au mkwewe, basi. Ndio chakula chetu. Mimi nimepewa kwa ajili ya kazi hii. Pima, kisha ufute."

"Walla, sitamwonyesha mtu."

Na alikusudia kwa moyo wake wote. Jioni alimpigia simu mara mbili, mara ya kwanza kuhusu programu, mara ya pili hakuwa na sababu.

"Umesahau nini tena?" Mashavu aliuliza.

"Nimesahau kukushukuru."

"Kwa nini?"

"Kwa kuchelewa kulirudia tundu lako la umeme. Ungerudi mapema nisingekosa, wala nisingekujua."

Mashavu alicheka mpaka khalati Bushra akachungulia kutoka jikoni, kijiko mkononi.

Siku ya pili kila kikundi kilipanda jukwaani. Majaji walikuwa watatu, na mmoja wao, Mzamil, alikuwa mvuvi kabla ya kuwa mfanyabiashara. Ukumbi ulijaa, na nyuma walikaa wenye boti walioalikwa. Mashavu alieleza, Abdulrazaq akaonyesha kwenye pazia kubwa ramani yenye nukta za kubuni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Mzamil alipocheka.

"Hizi nukta zenu mmezitia ovyo. Hapo mlipoweka mwamba ni mchanga mtupu. Nyinyi bahari mmeisoma vitabuni."

Wenye boti wakacheka. Abdulrazaq aliona uso wa Mashavu ukiinama, akashikwa na hasira ya kumtetea. Ile nukta ya kweli alikuwa hajaifuta. Akabonyeza. Mwamba wa Mzee Gharibu ukajitokeza kwenye pazia, mkubwa, na namba zake chini.

"Huu je?" alisema. "Huu ni wa kweli."

Mzamil aliacha kucheka. Nyuma ya ukumbi simu zikainuliwa zikapiga picha.

Walishinda. Makofi yalipoanza Mashavu alikuwa ameshafika mlangoni. Abdulrazaq alimkuta uani.

"Mashavu, nilitaka wakuheshimu."

"Umenipa heshima kwa chakula cha baba yangu. Uliapa."

"Niliapa. Nimekosa."

"Jana ulikosa kwa chaja. Hili huliondoi kwa bajiya."

Akaenda zake. Simu hakuipokea siku hiyo, wala kesho yake. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba hakuwa na ulimi wa kumwambia baba yake. Alilala kitandani kwa khalati akiwaza boti ngeni zikivua pale mchana na usiku, mpaka mwamba ubaki mtupu.

Abdulrazaq naye chakula kilikuwa hakimshuki. Siku ya tatu alisikia dukani kwa baba yake kwamba boti tatu zimeshatoka kwenda huko. Hapo akaona hakuna la kungoja. Alivaa kikoi safi, akanunua halwa kilo mbili, akapanda boti ya abiria ya Chovae kwenda kusema kosa lake mwenyewe kabla halijasemwa na wengine.

Alimkuta Mzee Gharibu amechuchumaa mbele ya mashine iliyofunguliwa, mikono imejaa grisi. Abdulrazaq akatoa salamu, akasema yote akiwa wima, hakujipunguzia hata neno. Mzee alisikiliza huku akifuta plagi.

"Boti ngapi zimekwenda?"

"Tatu, ami."

"Zimepata nini?"

"Nimesikia njiani nyavu zimechanika, na samaki hakuna."

Mzee Gharibu alianza kutikisika mabega, kisha akacheka mpaka akaketi chini kabisa. Mkewe akatoka na unga mikononi kuuliza kuna nini.

"Mwanao alinitaka mwamba kwa simu," mzee akamwambia. "Kwa simu! Nami nikampa ule ulionichania nyavu mwaka wa harusi yetu." Akamgeukia Abdulrazaq. "Mwanangu, mwamba hautajwi kwenye simu. Yule mtoto amekaa mjini, amesahau."

Abdulrazaq akaiweka halwa chini, akainua mikono kwa furaha. Alisema alhamdulillahi mara nyingi mpaka mama akamwonea huruma, akawaletea mkate wa moto na samaki.

"Lakini wewe hukujua kwamba ni wa uongo," mzee alisema, sasa bila kucheka. "Umekuja ukidhani umenimaliza. Kwa nini?"

"Kwa sababu ni kweli nilikosa. Na kwa sababu nampenda binti yako, ami."

Mzee akatafuna polepole. "Kesho alfajiri twende wote. Simu yako iache kwa mama."

Keshokutwa yake, saa nne asubuhi, mlango wa khalati Bushra uligongwa. Mashavu alifungua, mtandio umemkaa upande, akamwona Abdulrazaq amebabuka pua kwa jua, amebeba chewa mkubwa kama mtoto wa miaka mitatu. Alitaka kufunga, mkono ukakataa. Chewa wa ukubwa ule alikuwa akimwona nyumbani kwao tu.

"Baba yako anakusalimu," Abdulrazaq alisema. "Anasema mwamba ule wa simu ulikuwa wa uongo, usilie tena. Na programu nimeibadilisha. Inashika majina tu. Mahali panafunguka pale mwenyewe anapoomba msaada, si kabla. Ami Fumo ameijaribu, amesema inafaa."

Machozi yalimtoka Mashavu palepale, ya shukrani, na hakujisumbua kuyaficha. Kisha akamtazama samaki tena.

"Huyu mmemvua wapi?"

"Baharini."

"Bahari ni kubwa, Abdulrazaq."

"Kubwa sana, roho yangu."

"Nitajie alama moja tu. Mimi ni binti wa nyumba ile."

Abdulrazaq alihamisha samaki kutoka bega moja hadi jingine. Jasho lilimtiririka usoni, na macho yalikuwa yanamwomba radhi. "Nitakupa kila kitu nilicho nacho," alisema, "ila hicho niliambiwa ni cha mkwe."

Mashavu akalirudia neno 'mkwe' moyoni, akaunyoosha mtandio. Kutoka jikoni khalati Bushra akauliza ni nani huyo.

"Ni mwenzangu wa hakathoni, khalati," Mashavu alijibu, akampisha. "Tia wali mwingi. Na uwaite wazee, amekuja na posa."